Kustahimili maana yake nini?

Kazi yangu ni kuzalisha aina mpya za mihogo. Msimu mmoja niliandika kwenye ripoti ya pamoja kwamba aina yangu mojawapo "inastahimili michirizi ya kahawia", ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe. Majani safi, mavuno mazuri. Mwenzangu wa magonjwa ya mimea akagoma kutia saini: maabara ilikuwa imemwonyesha virusi ndani ya mmea. Mtaalamu wa wadudu naye akaja na lake, kwamba mmea uliojaa inzi weupe haustahimili chochote. Tukabishana kwa barua pepe wiki nzima. Iliniuma, maana aina ile nilikuwa nimeilea kwa miaka.

Nikawaomba tuingie shambani pamoja siku ya kuvuna. Tukang'oa shina moja. Mizizi minono, ngozi safi. Mimi huukata mzizi mara moja, katikati, basi. Yule wa magonjwa akaukata vipande vyembamba toka kichwani hadi mkiani. Cha nne kilikuwa na doa la kahawia, kavu, gumu kama gome. Hakusema neno, akanikabidhi nikishike.

Nami nikawapeleka kwenye kitalu changu cha miche ya mwaka wa kwanza. Kila mche ni aina yake peke yake, yenye shina moja tu, na iko kwa mamia. "Ndiyo maana hunipi sampuli tano tano ninazokuomba," akasema yule wa magonjwa. Kumbe muda wote alidhani namficha.

Jioni tukagundua jingine: alama zake huenda 1 hadi 5, na 5 ni ugonjwa mkali kabisa. Zangu za ustawi wa mmea pia ni 1 hadi 5, ila 5 ndiyo bora. Majedwali yalikuwa yameunganishwa hivyo hivyo!

Neno "kustahimili" tukaliweka kando, tukafungua safu tatu: virusi vimo au havimo, dalili kwenye majani na mizizi, idadi ya inzi kwenye majani matano ya juu. Aina yangu: virusi vimo, majani safi, mizizi ina madoa, inzi tele. Na muhogo hupandwa kwa pingili, kwa hiyo virusi vingesafiri nazo hadi shamba jingine. Nikaitoa kwenye orodha ya kusambazwa, nikaibakiza kama mzazi kwa sababu ya mavuno yake. Aina ya kuichavusha nayo aliichagua mtaalamu wa wadudu.