Nilivyofunga rimu za 17 kwenye gari lililotoka na rimu za 15

Gari lenyewe ni sedani iliyotembea sana. Lilitoka kiwandani na rimu za chuma za inchi 15, upana 6J (yaani inchi 6), ofseti 45, na matairi ya 195/65R15: upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15. Nilizofunga ni rimu za aloi za inchi 17, upana 7.5J, ofseti 42, na matairi ya 225/45R17. Kwa macho ni hatua ndogo. Kazi yote ilikuwa ya milimita, na baadhi ya milimita hizo zilikuwa zimeshaliwa na uchakavu wa gari kabla sijanunua chochote.

Nilianza na kipenyo cha tairi. Zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, zidisha kwa mbili, kisha jumlisha kipenyo cha rimu kwa milimita, inchi moja ikiwa 25.4. Tairi la 195/65R15 linatoa 253.5 na 381, jumla 634.5. La 225/45R17 linatoa 202.5 na 431.8, jumla 634.3. Spidomita haitajua kama kumebadilika kitu. Anayechukua 225/50R17 kwa sababu linajaza vizuri anapata 656.8, yaani asilimia 3.5 zaidi. Spidomita iliyokuwa sahihi itasoma 100 huku gari likikimbia 103 na ushei, na kichwa cha tairi kitakuwa kimesogea milimita 11 kuelekea madigadi.

Kisha ofseti, ambayo ndiyo inayowakwamisha wengi. Ofseti ni umbali kutoka mstari wa kati wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Ikiongezeka, linaingia ndani. Kosa la kawaida ni kulinganisha rimu kwa rimu, wakati kinachogusa ni bega la tairi. Kwa hiyo mimi hupiga hesabu kwa upana wa tairi. Nusu ya upana ukitoa ofseti ni upande wa nje, nusu ya upana ukijumlisha ofseti ni upande wa ndani. Tairi la zamani: 97.5 toa 45 ni 52.5 nje, na 142.5 ndani. Jipya: 112.5 toa 42 ni 70.5 nje, na 154.5 ndani. Maana yake nje nimeongeza milimita 18, ndani 12. Upana ulioandikwa ubavuni ni wa jina tu. Matairi mawili ya 225 ya viwanda tofauti yanaweza kupishana milimita kadhaa, basi acha nafasi.

Nikaenda kwenye gari na rula. Kati ya tairi la zamani na mwili wa shokamzoba ya mbele kulikuwa na milimita 20. Ukitoa 12 zinabaki 8. Chini ya 5 nisingekubali, kwa sababu tairi hupinda kwenye kona na beringi ya habu iliyochoka huongeza mchezo wake. Rimu zile zile zingekuwa za ofseti 50, nafasi ingebaki sifuri kabisa, hata kama kwa nje zingependeza.

Hapa ndipo gari lililotumika linapotofautiana na jipya. Kabla ya kupima nafasi ya madigadi, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi kwenye kila kona, gari likiwa limesimama pahali tambarare. Langu lilikuwa chini kwa milimita 14 nyuma kulia kuliko nyuma kushoto. Springi zilikuwa zimelegea, na ukifunga tairi pana juu ya springi ya namna hiyo, kelele ya kukwaruza itatoka upande mmoja tu na utahangaika na rimu bure. Nilibadilisha springi zote mbili za nyuma. Mbele nilibadilisha tairodi (fimbo inayounganisha usukani na gurudumu) moja na bushi za mkono wa chini, maana gurudumu lililosogea nje huvuta usukani kwa nguvu zaidi, na mchezo ambao tairi la 195 lilikuwa likiuficha hujitokeza wazi.

Upande wa mashimo, gari langu ni la stadi tano (skrubu za habu zinazopokea nati), PCD 114.3, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya stadi zote, kwa milimita. Kupima stadi tano bila kifaa maalumu, chukua umbali wa kati kwa kati baina ya stadi mbili zinazofuatana, zidisha kwa 1.701. Ukipata milimita 67.2 ni 114.3, ukipata 58.8 ni 100. Usipokee rimu za 112 kwa maneno ya muuzaji kwamba nati zitaivuta ikae. Zitaivuta kweli, lakini zitakaa kiupande na stadi zitakuwa zinapinda kila mzunguko.

PCD kulingana haimaanishi tundu la katikati linalingana. Kwenye 5x114.3, Toyota nyingi zina habu ya 60.1, Honda 64.1, Nissan 66.1. Rimu zangu zilikuwa na tundu la 73.1, kama nyingi zinazotengenezwa ziingie magari mengi, hivyo nikaweka pete za 73.1 kwa 60.1. Bila pete, rimu inashikiliwa katikati na koni za nati peke yake, na ukikosea kidogo kukaza usukani unatetemeka ukifika kati ya 80 na 110, hata kama magurudumu yamebalansiwa vizuri. Pete ni kitu kidogo, kinachopotea kila mara tairi linapofunguliwa. Hesabu zako nne kabla hujaondoka gereji.

Nati nazo. Za rimu nyingi za zamani za aloi za Toyota ni bapa, zina washa. Rimu za kununua mtaani karibu zote zinataka koni ya digrii 60. Honda wanatumia za mviringo. Nati isiyofanana na kiti chake inagusa mahali padogo tu, inalegea, na inaweza kung'oa stadi. Uzi wangu ni M12x1.5 (unene milimita 12, na kila mzunguko nati husogea milimita 1.5), Nissan na Subaru nyingi ni M12x1.25, na nati ya uzi usio wake huingia mizunguko miwili mitatu kabla ya kukwama, kiasi cha kutosha kumdanganya mtu. Nati iingie angalau mizunguko 8 kwenye M12x1.5. Ndiyo sababu sikutumia spesa, bamba linalowekwa kati ya habu na rimu: hata ya milimita 5 ingekula mizunguko mitatu na zaidi.

Rimu zilikuwa za mitumba pia. Niliomba zizungushwe kwenye mashine ya kubalansi zikiwa tupu, bila matairi, kwa sababu tairi huficha rimu iliyopinda. Nikaangalia upande wa ndani kwa tochi, hasa nyuma ya mikono (spoki) ya rimu. Moja ilikuwa na rangi mpya upande wa ndani tu, na chini ya rangi kulikuwa na mshono wa kuchomelea. Niliikataa, nikasubiri nyingine. Matairi nilichukua yenye alama ya mzigo 94 XL (XL ni tairi lililoimarishwa). Ya zamani yalikuwa 91, na kushuka chini ya hapo sikubali. Tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Kabla ya kufunga nilisugua uso wa habu kwa brashi ya waya hadi ukawa mweupe. Kutu ya milimita moja upande mmoja inatosha kuyumbisha rimu. Gurudumu la zamani lilikuwa na kilo 16.5, jipya 20, na hilo utalisikia kwenye breki na kwenye kila shimo.

Majaribio nilifanya kwa chaki. Paka mabega ya tairi, halafu peleka usukani mwisho kushoto na kulia, mbele na kinyumenyume. Halafu panda matofali ya kama sentimita 15 kwa gurudumu la mbele la upande mmoja na la nyuma la upande wa pili, ili kila kona ikandamizwe peke yake. Mwisho, jaza watu siti ya nyuma. Chaki ilipofutika ndipo panapogusa. Mbele palikuwa plastiki ya ndani ya madigadi, nyuma ya bampa, na ilitokea tu wakati wa kurudi nyuma usukani ukiwa mwisho. Niliipasha kwa hewa moto, nikaisukuma kama milimita 10 na kuishikilia hadi ilipopoa.

Nyuma, wakiwa watu wanne ndani, ukingo wa ndani wa madigadi uliacha alama kwenye bega la tairi. Ukingo huo ni bati lililokunjwa, na unaweza kukunjwa zaidi kwa rola inayofungwa kwenye habu. Lakini pitisha sumaku kwanza. Gari lililotumika mara nyingi limepigwa puti, na puti haikunjiki, inapasuka na kubanduka na rangi yake. Upande wa kushoto sumaku ilishika vizuri. Upande wa kulia ilikataa kwa urefu wa kiganja, hivyo sehemu ile sikuikunja, niliisaga kidogo kwa ndani. Upande mwingine nilipasha rangi hadi mkono ushindwe kukaa, nikapitisha rola mara tatu, kila mara nikiongeza shinikizo kidogo. Kukunja kwa mara moja hutengeneza mawimbi yanayoonekana kwa nje. Baadaye paka rangi pale palipopasuka au kusagwa, la sivyo kutu itaanzia hapo.

Nati nilikaza kwa mtindo wa nyota, gari likiwa limeteremshwa kidogo, hadi Nm 103. Uzi uwe mkavu, bila grisi. Baada ya kilomita 100 nilirudia, na mbili zilisogea robo mzunguko. Alaimenti ilifuata, baada ya springi na tairodi, si kabla. Upepo niliweka psi 35 badala ya 32, kwa sababu tairi la XL linahitaji upepo zaidi kidogo kubeba mzigo uleule, na ubavu mfupi wenye upepo pungufu ndio unaopinda rimu shimoni.

Spea imebaki ile ya chuma ya 15, kipenyo chake kinakaribiana na mapya kwa hiyo inatembea bila shida, na nati zangu za koni zinaikaza vilevile. Ila nati hizi ni nyembamba na zinataka soketi yake. Soketi hiyo inakaa ndani ya spea, si nyumbani.