Nilivyoipangia harusi yangu jua la Mwanza

Naanza na shangazi yangu, maana ndiye aliyenitia hasira ya kuandika haya. Kikao cha kwanza cha kamati alisimama akasema, "Harusi ni Agosti. Mvua hakuna, watu wameshavuna wana hela, na picha mtapiga saa 7 mchana jua likiwa limewaka vizuri." Kamati nzima makofi. Mimi nikakumbuka albamu ya dada yangu, aliyeolewa mwishoni mwa Septemba na kupigwa picha saa 7 kwa ushauri wa shangazi huyohuyo. Siku zile jua la kwetu linapita utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Dada ana mashimo mawili mahali pa macho, kivuli cha pua kimemshuka mpaka mdomoni, na wasindikizaji wamekunja sura kama wanadaiwa. Albamu ile inakaa chini ya kitanda mpaka leo.

Lakini tusidanganyane, nami sikuwa na akili zaidi. Agosti ya 2024 mchumba wangu na mimi tulitaka picha ya kuweka kwenye kadi za mchango. Wapi? Jiwe la Bismarck, lile lililosimama kwenye maji ya Ziwa Victoria kando ya mji, pengine wapi tena kwa mtu wa Mwanza. Saa ngapi? Jioni, jua likizama ziwani, kama kila mtu anavyofanya. Nikavaa gauni la njano la kuazima, tukasimama jiwe likiwa nyuma yetu, ziwa nyuma, jua nyuma. Kila kitu kizuri nilikiweka nyuma. Kijana wa kamera akabonyeza, akatazama kioo chake, akaniambia, "Dada, tabasamu kidogo." Nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yanauma! Ila tabasamu lenyewe halikuonekana. Tulikuwa vivuli viwili vyeusi, mmoja mrefu na mmoja mnene, ungeweza kusema ni mti na kichuguu.

Akaongeza mwanga kwenye kamera. Nyuso zikatokea, mbingu ikawa nyeupe kama karatasi na jiwe likapotea. Basi akawasha flashi. Hapo tukang'aa kama vitumbua vilivyotoka kwenye karai sasa hivi. Wapiga debe waliokuwa wanaelekea kivuko cha Kamanga wakasimama kutazama, mmoja akaanza kutupangia mikao. Halafu lile jua lenyewe nililolifuata halikuwa na maana yoyote: mwezi wa 8 nyasi zinachomwa kila upande, hewa imejaa moshi na vumbi, jua likafifia mapema kama chungwa lililoangukia kwenye chai ya maziwa. Vilima vyote rangi ya gunia. Elfu 80 hivi ikaenda, ukiacha soda. Kadi tukachapa bila picha.

Wiki iliyofuata nilipita palepale saa 2 asubuhi nikiwa na safari yangu Sengerema. Nikasimama. Jiwe lote lilikuwa limewaka, kila mpasuko unauona, ziwa limetulia kama maji ya beseni. Ndipo nikaelewa, na naona aibu kusema nilichelewa kuelewa: asubuhi jua linatokea upande wa mjini, linaliangaza jiwe usoni. Jioni linakwenda nyuma yake. Wanaotaka Bismarck waamke mapema. Wanaotaka jioni wageuke, wao watazame ziwa na nyuma yao kiwe kilima chenye mawe, na mawe Mwanza hatuna shida nayo. Tena upepo wa ziwani wa alasiri unakuja na upande huohuo wa jua, kwa hiyo ukiutazama, shela inapepea nyuma. Ukiupa mgongo, shela inakufunika uso.

Kuanzia hapo nikawa kichaa wa jua. Kalenda ya dukani nikaining'iniza jikoni, kila jioni naandika muda wa jua kuzama. Mama akadhani nahesabu siku nyingine. Mwanzoni mwa Novemba lilizama saa 12 na dakika 38. Nikatazama kwenye simu tarehe za mwanzoni mwa Februari: saa 1 na dakika 8. Nusu saa nzima ya bure! Na nani asiyejua kwamba misa ya ndoa haijawahi kuisha kwa wakati? Juu ya hapo, Februari mvua za vuli zimeshaosha vumbi, vilima vya kijani, na mawingu yapo ya kutosha kulipatia jua kitu cha kupaka rangi. Kwaresima ya 2025 ilikuwa inaanza tarehe 5 Machi, padri asingekuwa na neno. Nikachagua Jumamosi, tarehe 1 Februari.

Mama mkwe akanionya, "Mwanangu, Januari watu wanalipa ada, mchango utatoka wapi?" Alisema kweli. Mchango ulikuja kwa kusuasua na wageni 60 hivi tuliwakata. Sijutii, ila wao nadhani bado wamenuna.

Mpiga picha wa kwanza alitoka Dar na bei ya kutisha, karibu milioni mbili. Ratiba yake ilisema picha za machweo saa 12:15. Nikamwambia, kaka, saa hiyo huku jua bado lina karibu saa nzima. Akanijibu kwamba amefanya kazi hiyo miaka mingi. Sawa, lakini saa zetu ni moja na jua si moja: Mwanza iko magharibi zaidi, Februari jua linazama dakika kama 20 baada ya Dar, na Julai inapita nusu saa. Tukaachana kwa amani. Nikamchukua kijana wa hapahapa, laki 9 na kitu pamoja na video, mtu anayejua kwamba jua la huku halizami kwa madaha, linadondoka. Mwanga wenyewe mtamu ni dakika 25 tu za mwisho. Ukienda kurudia poda, umeukosa.

Sasa ujanja ninaojivunia. Suti nyeusi, gauni jeupe, na sisi wenyewe weusi wa kung'aa. Uso unahitaji mwanga wa kurudishiwa kutoka chini. Kijana alikuwa na kile kitambaa cha duara cha kurudisha mwanga, kimoja, kimechanika. Mchumba wangu anafanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara. Akaja na mifuniko minne ya yale maboksi meupe mepesi ya kupakia samaki. Wadogo zangu wakaishika chini ya viuno vyao, wakaigeuza kufuata jua, na nyuso zetu zikafunguka kama mlango. Tuliiosha kwa sabuni mara tatu. Haikusaidia. Mama mkwe alikuwa ananusa hewa jioni nzima akiuliza kama kuna aliyekanyaga kitu.

Siku yenyewe, alfajiri, radi na mvua ya kumwaga. Shangazi akanipigia simu saa 11, hakusalimia, akasema tu "Agosti." Mimi nilikuwa nimeshamuuliza mzee mmoja mvuvi wa Igombe, akaniambia mvua ya ziwa inapenda usiku na alfajiri, mchana inakuwa imechoka. Kufika saa 5 barabara zilikuwa zinakauka. Kwenye kadi tulikuwa tumeandika misa saa 8, padri tulimwambia saa 9. Tulianza saa 9 kasorobo, jambo ambalo kwa ukoo wetu ni la kihistoria.

Saa 12 jioni tuko Igombe, ufukweni. Nilichosahau kuuliza ni mwezi. Zilikuwa siku za giza, mwezi mchanga wa siku tatu, na siku ambazo usiku hauna mwezi ndipo wavuvi wa dagaa wanapofanya kazi. Mchanga wote umeanikwa dagaa! Kinamama walikuwa wanawakusanya kabla ya umande, mmoja akaniona na gauni langu akasema bila kuinua kichwa, "Bibi harusi, hongera, usinikanyagie dagaa wangu." Tukangoja watupishe njia. Picha za jua zikapatikana zote, dakika 25 zilezile.

Jua lilipozama, mtu wa video akawasha taa yake kubwa. Haikupita dakika, wadudu wa ziwani wakaja kama moshi, wakaingia kwenye shela, midomoni, kwenye lenzi. Yule mzee alikuwa ameketi kwenye mtumbwi anacheka. "Giza ndiyo siku zao," akasema, "zima hiyo taa." Tukazima.

Tulipozima ndipo tukaona. Magharibi, mwezi mwembamba kama ukucha, na pembeni yake kabisa Zuhura inawaka. Chini yake, mbali, mitumbwi ya dagaa imeanza kuwasha taa, moja, nne, kumi. Kijana akaweka kamera juu ya boksi la samaki, akatuambia tusipumue. Tukahesabu mpaka tatu.

Picha hiyo sisi hatuonekani sura. Vivuli viwili, mmoja mrefu na mmoja mnene, kama Agosti. Ukisogea karibu utaona kwenye ukingo wa shela wadudu kama kumi hivi. Kijana alitaka kuwafuta kwenye kompyuta kwa elfu 20 ya ziada. Nikamwambia awaache.