Siku moja kabla ya mazishi: kazi ya mratibu wa msiba, Dar es Salaam

Saa 1 asubuhi. Nafika msibani Tabata kabla watu hawajajaa. Marehemu ni mama, mwanakwaya wa miaka mingi. Ibada ni kesho saa 6 mchana, mazishi makaburi ya Segerea. Naanza na makaratasi: kibali cha mazishi anacho nani? Kikibaki kwenye mkoba wa shangazi aliyekwenda kulala Kibaha, kesho mwili utachelewa kutoka mochwari na ratiba nzima itasogea. Kinahamia kwa mwenyekiti wa kamati, mimi nabaki na nakala.

Saa 3. Wasifu. Hapa sikimbizi mtu. Shule, ajira na ndoa ndugu huzitaja wenyewe. Anachokosa msikilizaji ni mtu mwenyewe. Kwa hiyo namuuliza mgane: "Baba, pole sana. Mama akiwa jikoni alikuwa anaimba nini?" Wimbo anaoutaja ndio utakaoimbwa jeneza likiingia, mchungaji akiridhia. Kwaya itaacha kiti chake wazi kwenye safu ya sauti ya pili, joho lake likiwa juu yake. Hilo halina gharama yoyote, na wanakwaya wenzake wataagana naye mahali walipomzoea.

Kurasa mbili zinatosha, kama dakika saba za kusoma. Zikifika tano, watu wanaanza kutoka nje. Majina ya watoto nayahakiki mmoja mmoja, pamoja na aliyezaliwa kabla ya ndoa. Jina likirukwa, ugomvi huzuka palepale mbele ya jeneza. Ndiyo maana mgane na msemaji wa ukoo wanasaini kila ukurasa kabla haujaenda kuchapwa.

Saa 6. Kwa fundi wa majeneza. Vipimo ni viwili: urefu wa mwili na upana wa mabega. Cha tatu husahaulika, nacho ni upana wa jeneza pamoja na vishikio vyake. Hicho nawapigia simu wachimba kaburi, maana kaburi likibana, jeneza hukwama katikati huku watu wakitazama. Nguo zinapelekwa mochwari leo hii, si kesho asubuhi.

Saa 8. Ratiba na picha. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupungua ubora, ikikuzwa sura inavurugika. Naomba itumwe kama faili, au naichukua kwenye simu iliyoipiga.

Saa 11. Kikao cha kamati. Mweka hazina anasoma michango, tunapanga mabasi, maji, maturubai na jenereta yenye mafuta, kwa sababu umeme ukikatika kipaza sauti kinazima katikati ya neno. Mvutano mkubwa ni wasemaji: kila kundi linataka mmoja. Nasimamia wanne, dakika tatu kila mmoja: familia, kwaya, majirani, kazini.

Kisha hesabu ya kuaga. Watu 300, sekunde 5 kila mtu, ni dakika 25 kwa mstari mmoja. Tukipitisha mistari miwili, kulia na kushoto kwa jeneza, muda unapungua nusu. Vijana wanne wanapewa kazi ya kuongoza mistari, na wawili wa kuwashika watakaozidiwa.

Saa 2 usiku. Naenda kanisani kujaribu vipaza sauti na kupima mlango kama jeneza na wabebaji sita watapita sambamba. Hawapiti, wawili watakaa mbele, wawili nyuma, na wa katikati watapokea ndani. Nawatumia ujumbe wote sita usiku huuhuu.