Nilivyokwenda kwa madiwani na ndoo

Dakika tatu. Ndizo anazopewa mwananchi kusema mbele ya madiwani katika mji huu mdogo ninaoishi, kusini mwa Salt Lake City, jimbo la Utah. Mara ya kwanza nilisimama na karatasi zangu nne, nikamsalimu Mheshimiwa Meya, nikawasalimu waheshimiwa madiwani, nikawatambua watumishi wa jiji, nikaomba radhi kwa lafudhi yangu, nikashukuru kwa nafasi. Nilipofika kwenye "ndugu zangu, jambo lililonileta hapa" taa nyekundu ikawaka na kengele ikalia. Nikarudi kitini. Mama watoto alikuwa ameinamia simu, mabega yanamtikisika.

Jambo lenyewe ni maji. Mtaa wetu una mfereji wa zamani sana. Wahamiaji wa Kimormoni walipoingia bonde la Salt Lake mwezi Julai 1847, kazi ya kwanza ya kundi lililotangulia ilikuwa kulima na kuziba kijito ili maji yapande shambani. Nyumba baadaye. Mpaka leo mifereji mingi iko chini ya kampuni za wanahisa, na nyumba niliyonunua ilikuja na nusu hisa. Nusu hisa maana yake ni zamu: dakika 40 kila baada ya siku nane. Yangu iliangukia saa nane na robo usiku.

Wachaga wenzangu najua mnacheka. Nimezaliwa Kibosho, Kilimanjaro, nikiwa na miaka tisa nimekesha kwenye mfongo, mfereji wetu wa Kichaga, nikilinda maji ya babu yasigeuzwe na jirani. Nikavuka bahari, nikapata kazi, nikanunua nyumba Marekani, na bado naamka saa nane za usiku kugeuza maji! Tofauti ni kwamba huku hawazibi kwa migomba na udongo. Wana turubai lililopigiliwa kwenye gogo refu. Unalilaza gogo juu ya kingo, turubai linazama, maji yanajaa nyuma yake na kumwagikia upande wako. Dakika zako zikiisha unanyanyua, na lile turubai limelowa, zito kama ng'ombe aliyegoma.

Basi halmashauri ikaleta mpango: mfereji ufukiwe, maji yaingie kwenye bomba lenye presha, jiji liwe na shirika lake la maji ya kumwagilia, mbali na maji ya kunywa. Mimi na hilo sikuwa na ugomvi. Zaidi ya nusu ya maji ya majumbani huku huishia nje, kwenye nyasi, na kusafisha maji mpaka yanyweke halafu ukayamwagie majani ni kuchoma hela. Mfereji wa udongo nao unavuja njia nzima. Halafu Ziwa Kuu la Chumvi la hapa Utah lilishuka mwaka 2022 kuliko lilivyowahi kupimwa, hata wale wasiojali wakaanza kujali.

Ugomvi wangu ulikuwa kwenye ukurasa mmoja tu wa rasimu, kule nyuma ambako watu hawafiki. Ada itatozwa kwa ukubwa wa kiwanja. Mita zitakuwepo, kwa sababu sheria ya jimbo ya 2022 inataka maji haya yafungiwe mita ifikapo 2030, lakini ingekuwa mita ya kutazama, si ya kulipia. Kiwanja changu ni kama theluthi ya eka, ila sehemu kubwa ni changarawe na gereji. Ninachomwagilia ni mchicha, mnafu, sukuma wiki na mistari michache ya mahindi ya kuchoma. Mzee wa jirani, mwenye kiwanja sawa na changu, ana nyasi utadhani ligi inachezwa kwake. Tulipe sawa?

Ushauri niliopata, Mungu awasamehe. Kwenye grupu la WhatsApp shemeji mmoja akasema nitafute wakili, bei ya saa moja ya wakili huku ni sawa na maji ya msimu mzima. Mwingine akasema, "Bro, wewe mgeni, nyamaza ulipe." Wa tatu akaniandikia hotuba, zile karatasi nne. Mnaona zilikoishia.

Nikaona nikionyesha kwamba bustani yangu inatumia maji kidogo, nimeshinda. Nikaagiza mipira ya matone, ile yenye vitundu vya kudondoshea mimea maji kidogo kidogo, na pampu ndogo, dola mia na kitu, niyavute maji ya mfereji kwa zamu yangu. Chujio sikununua. Kwa nini ninunue chujio wakati mke wangu ana soksi ndefu za nailoni? Nikavisha soksi kwenye mdomo wa mpira, nikafunga kwa uzi, taa kichwani, saa nane na robo nikawasha. Dakika tano za kwanza nilijiona mhandisi. Dakika ya sita matone yakakatika mstari mmoja, kisha wa pili. Nikashika soksi nikakuta imejaa matope, ule ukijani unaoteleza, na vikonokono vidogo kama punje za uwele. Badala ya kuzima pampu nikaivuta soksi. Ikachomoka, pampu ikameza vyote kwa pupa, mpira ukafyatuka kwenye kiungio na maji yakaruka moja kwa moja mpaka dirisha la chumba cha yule mzee. Akatoka na fulana. Akanitazama, akatazama mbingu zina nyota tele, akauliza kwa upole kama mvua ile imeanza zamani. Soksi ilipatikana baada ya siku mbili ndani ya pampu. Mwenyewe aliikataa.

Baada ya hapo nikaunganisha matone kwenye bomba la nyumba, uchungu wa bili nikameza, nikachukua ndoo. Hapa naomba mnisikilize, maana ndipo akili ilipofanya kazi. Ndoo ya plastiki ya galoni tano, lita 19 hivi. Nikapima kwa simu: inajaa kwa sekunde 48. Nilipima mara saba, mwanangu akishika saa. Bustani yangu inataka saa mbili na nusu kwa wiki. Piga hesabu: ndoo 187.

Sasa ya jirani. Nilimwomba radhi ya dirisha kwa fungu la mchicha, kisha nikamwomba niweke makopo matupu ya tuna kwenye nyasi zake kila anapomwagilia. Alikubali, nadhani alitaka kuona nitaishia wapi. Kwa wiki makopo yalikusanya maji ya kina cha milimita 25, nyasi zake ni mita za mraba 600. Lita 15,000. Ndoo 789.

Kikao cha pili nilifika na ndoo yenyewe. Sikusalimu mtu. Babu angenichapa. Niliiweka mbele ya kipaza sauti nikasema: mimi natumia hizi 187 kwa wiki, jirani yangu 789, rasimu yenu inasema tulipe sawa, na mita mnazinunua hata hivyo. Nikakaa. Sekunde 40 hivi zilikuwa hazijafika. Aliyefuata alikuwa mzee mwenyewe, nikajua nimekwisha. Akasema hesabu ni ya kweli, makopo yalikuwa kwake, na yeye angependa kujua bei ya kila ndoo kabla ya kuamua ang'oe nyasi kiasi gani. Mhandisi wa jiji akaniomba karatasi yangu ya vipimo.

Rasimu iliyopitishwa mwishoni ina ada ya msingi kwa wote, halafu kila unavyozidi kutumia bei inapanda. Mke wangu anasema wangefika hapo hata bila ndoo. Sawa.

Kuunganishwa ilinigharimu dola elfu na zaidi, nusu hisa niliyolikabidhi jiji ikapunguza kidogo. Karatasi ya hisa bado ilikuwa na jina la aliyeniuzia nyumba, na kumpata kulichukua miezi. Nyumba huku ukinunua ulizia hisa kabla hujasaini. Bomba na vifuniko vya maji haya ni vya zambarau, mtoto asinywe hapo. Yule fundi aliyeniambia niyaunganishe na bomba la nyumba ili nipate "presha mbili" msimsikilize, ni marufuku, maji ya mfereji yanaweza kurudi hadi kwenye birika lako la chai. Maji hufunguliwa katikati ya Aprili na kufungwa katikati ya Oktoba. Yakifungwa, mwaga yote yaliyobaki kwenye mipira, barafu haina rafiki. Chujio nimenunua, la dukani.

Juzi mzee amekuja kuniazima ndoo. Nimemwambia anunue yake, dola tano.