Harufu ya kifutio

Jana usiku binti yangu alikuwa anafuta hesabu zake pale mezani, anafuta kwa nguvu mpaka makombo yakajaa kwenye daftari, ile harufu ya raba iliponifikia nikawa nimesharudi Sinza, steshenari kwa mjomba, 2011, mwaka wa mgao wa umeme.

Kompyuta ilikuwa moja tu, Pentium 4 ya mtumba kutoka Kariakoo, na ndo ilikuwa inalisha duka zima, barua za kazi, CV, ripoti za fildi za wanachuo. Siku hiyo umeme ulikatika asubuhi ukarudi jioni, dogo wa dukani akabonyeza kuwasha, kimya, hata feni haikushtuka. Mjomba akanipigia maana mimi ndo nilikuwa nasomea mambo hayo, nikauliza kitu kimoja, umeme ulipokatika plagi zilichomolewa? Hazikuchomolewa. Nikasema basi mjomba, moto umerudi na nguvu, umeunguza pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Nilisema hivyo niko kwenye daladala, mashine yenyewe sijaiona.

Kwa neno langu hilo, dogo akaambiwa atakatwa mshahara. Hakubishana, alisema tu, "Mzee, mi nimebonyeza tu," akarudia tena hivyo hivyo, kesho yake hakuja.

Jumamosi nikaenda na bisibisi. Nikafungua keisi, nikapuliza vumbi, nikachomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu, nikasugua yale meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha pale pale dukani, nikarudisha, hamna kitu. Nikaangalia kapasita, vile vipipa vidogo vya kutunza umeme, kama zimevimba, ziko bapa. Nikachomoa waya wa pawa saplai kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa mashine, nikakunja klipu ya karatasi ili niiwashe pawa saplai peke yake, ncha moja kwenye waya wa kijani nyingine kwenye mweusi, ndo nikachomeka plagi ukutani. Feni ya pawa saplai ikaanza kuzunguka.

Niliishiwa nguvu. Feni kuzunguka haimaanishi kila kitu ni kizima, lakini ile niliyosema imeungua ilikuwa inanipulizia upepo usoni.

Nikarudishia waya, nikaona kitaa cha kijani kwenye madabodi kinawaka, yaani umeme unafika. Sasa kwa nini haiwaki? Nikaufuata waya mwembamba unaotoka kwenye kitufe cha mbele mpaka mwisho wake, umechomekwa kwenye pini mbili nyembamba kama sindano. Nikauchomoa. Nikamwambia mjomba animulikie, akasogeza tochi ya simu karibu kabisa, mkono wake ulikuwa unatetemeka kidogo na wangu pia, nikazigusisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi, kugusa tu na kuachia, kama unavyogusa sufuria kujua kama ya moto. Feni zote zikanguruma kwa pamoja. Ikalia tii, moja. Kioo kikawaka.

Mjomba akapiga makofi. "Kwa hiyo ilikuwa nini mjomba?"

"Kitufe. Hiki cha mbele kimekufa ndani, kimechoka."

"Kitufe tu?"

"Kitufe tu."

Akazima tochi. Tulikaa pale na mashine inanguruma, hakuna aliyesema kitu, halafu akachukua simu akatoka nje kumpigia dogo, nikamsikia anapiga tena, na tena. Namba haipatikani. Kesho yake nilienda mpaka Manzese alipokuwa amepanga, majirani wakasema amerudi kwao, kwao wapi hakuna anayejua vizuri.

Matengenezo hayakugharimu hata shilingi. Nilichukua waya wa kitufe cha riseti nikauchomeka kwenye zile pini za kuwashia, tangu siku hiyo mashine ikawa inawashwa kwa riseti, na ikapiga kazi miaka mingine kadhaa. Huwa najiambia kosa lilikuwa kuhukumu kabla ya kufungua keisi. Sijui kama ni hilo tu, maana hata ingekuwa kweli ni moto wa umeme, yeye angekuwa na kosa gani?

Mshahara wake mzima, bila makato, mjomba aliuweka kwenye bahasha akaiandika jina, akaiweka kwenye droo ya chini na karatasi za A4. Kila nilipoenda kuchukua rimu nilikuwa naiona. Siku tunahamisha duka bado ilikuwemo.