Mashua Isiyovua

Jumapili

Leo ni siku ya 13 tangu mashua yangu ipandishwe mchangani hapa Maruhubi, Unguja, karibu na nguzo za kasri ya Sultani Sayyid Barghash iliyoungua mwaka 1899, na kwa hesabu zangu za mwezi, maji yatakayoweza kuinyanyua tena yatafika Jumanne alfajiri. Zimebaki siku mbili, na bado upande wa kushoto haujapakwa deheni, ule mpako wa kulinda tumbo la chombo. Mke wangu ameniuliza kwa simu kama nitarudi kula chakula cha mchana, nami nimemjibu kwamba nimebakisha kidogo tu, jibu ambalo yeye na mimi tunajua thamani yake.

Wapita njia wanaoniona nimeinama chini ya tumbo la mashua, mikono imejaa chokaa na shahamu, hudhani kwamba mimi ni mvuvi au fundi. Wanapotambua kuwa ni mwalimu wa hesabu wa skuli ya sekondari, asiye na wavu, asiye na dema la kutegea samaki wala mshipi wa maana, hunitazama kwa huruma. Fundi wangu, mzee aliyeanza kupiga kalafati, yaani kuziba maungio ya mbao kwa pamba, katika ufukwe huu kabla mimi sijazaliwa, aliniuliza mwaka wa kwanza tulipojuana: "Mwalimu, hii mashua yako inavua nini hasa?" Nikamjibu, "Haivui, Ami. Ni ya kutembelea tu." Akanyamaza, akaendelea kugonga pamba, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Basi inakuvua wewe." Vijana waliokuwa karibu waliangua kicheko, na tangu siku ile mashua yangu inajulikana ufukweni kwa jina la Isiyovua, ingawa ubavuni nimeandika jina jingine ambalo hakuna anayelitumia.

Niliinunua mwaka 2016 kwa mvuvi aliyekuwa anahamia kwenye boti ya faiba. Ina urefu wa futi 18, mbao zake ni za mvule, mataruma yake, yaani mbavu zake, ni ya mtondoo yaliyochongwa kutoka katika matawi yaliyopinda yenyewe, na foromali, ule mti unaobeba tanga, ni mvinje mwembamba uliounganishwa mara mbili. Yule mvuvi alinieleza kwa uaminifu ni ubao gani unaovuja na ni taruma lipi limeanza kuoza, nami, kwa furaha ya mnunuzi, sikusikia hata neno moja. Katika jamii yetu chombo cha mti ni chombo cha kazi. Hubeba samaki, boriti au abiria, na gharama zake hulipwa na mzigo wake. Changu hakilipi chochote. Kwa hiyo, kwa muda mrefu nilikuwa naona haya kidogo kukitia nanga katikati ya vyombo vya watu wanaotafuta riziki, na nilizoea kuondoka saa ambazo wavuvi wameshatoka na kurudi kabla hawajarejea, kama mtu anayekwepa wadai.

Mwalimu wa hesabu hawezi kuwa na kitu asikihesabu, basi nina daftari. Mwaka jana nilitweka tanga siku 37. Siku nilizofanya kazi ya matengenezo, ndogo au kubwa, zilikuwa 44. Nilipomsomea fundi takwimu hizo nikidhani atanicheka, alisema kwamba nimeanza kuwa mwenye chombo, kwa kuwa mwaka wa kwanza nilikuwa natembea sana na kutengeneza kidogo, na ndiyo maana ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ilikuwa imejaa maji kila alfajiri.

Kazi yenyewe ni hii. Chombo huletwa ufukweni maji yakiwa yamejaa kabisa. Hapa kwetu siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kiasi cha saa nne, kwa hiyo asubuhi chombo kimeshapwelewa na kusimama juu ya mchanga kikiwa kimetiwa gadi, yaani miti ya kukiegemeza, pande zote mbili kisilale. Kwanza tunakwangua vijidudu vyenye magamba vilivyogandama tumboni. Kisha tunakusanya makuti makavu, tunayafunga mafungu, tunayawasha na kuyapitisha chini ya mbao haraka haraka, ili moto uwaue wale wadudu wanaotoboa mti bila kuugusa mti wenyewe. Kazi hii sipewi. Fundi huifanya mwenyewe, akitembea kinyumenyume, kuti la moto mkononi, na mtu akisogeza sikio husikia mlio mdogo wa kuchemka ndani ya vitundu. Ubao hubadilika rangi ukawa mweusi unaong'aa, joto likiwa la kiasi cha kuweza kuuwekea kiganja. Akizidisha sekunde chache, pamba iliyo katika maungio itaungua na kazi ya wiki nzima itapotea.

Baada ya moto ndipo kalafati. Pamba husokotwa kama uzi mnene, hulowekwa mafuta, hutiwa katikati ya ubao na ubao, na kugongwa kwa patasi butu na nyundo ya mti. Nilichukua miaka mitatu kujifunza kusikiliza. Mwanzoni mlio ni wa kitu kilicho wazi, kama kugonga kitasa cha mlango usiofungwa vizuri. Pamba ikiingia mlio hupanda, unakuwa mkavu na mfupi, na hapo ni lazima kuacha, kwa sababu anayeendelea kugonga anazisukuma mbao ziachane. Fundi hunikalisha nyuma, upande wa tezi, yeye akiwa mbele omoni, na asiposikia mlio anaoutaka huniita kutoka huko huko: "Mwalimu, hapo umepitiliza." Haji kuangalia. Anajua kwa sikio.

Mwisho ni deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu iliyoyeyushwa, unaopakwa kwa mkono mtupu sehemu yote inayokaa majini. Juu ya mstari wa maji hupakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, ambayo kwa jina lake mtu angetarajia kitu cha kusifiwa. Harufu yake hukaa katika nguo hata baada ya kufuliwa mara nne. Wapo wenye vyombo wanaotumia rangi ya dukani ya kuzuia wadudu, na sitakataa kwamba hudumu zaidi na huokoa muda. Mimi nilijaribu mara moja. Ilinigharimu zaidi ya mshahara wa mwezi, na nilipopandisha mashua sikuwa na la kufanya ila kuitazama. Mwaka uliofuata nikarudi kwenye chokaa.

Jambo ambalo sikulijua kabla ya kumiliki chombo ni kwamba adui wa mashua ya mti si maji ya bahari. Maji ya chumvi huuhifadhi mti. Maji ya mvua huuozesha. Masika yakiingia, ni lazima nije kila asubuhi kabla ya skuli kufua maji yaliyokusanyika ngamani, la sivyo hutulia kwenye vichwa vya mataruma na kuanza kula kimya kimya. Na jua la kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, nalo hukausha mbao za juu hadi zikaachana, basi huifunika kwa makuti na kuimwagia maji ya bahari adhuhuri, jambo linalowachekesha watalii wanaopita, kwa kuwa wanaona mtu anatia maji ndani ya chombo ambacho dakika chache zilizopita alikuwa anakifua maji. Mashine ndogo ya nguvu za farasi 15 ninayo pia, kwa siku ambazo upepo hufa njiani, lakini sina mengi ya kuisemea: huoshwa kwa maji matamu kila baada ya safari, plagi husafishwa, na hulala nyumbani, nyuma ya mlango wa stoo, mahali ambapo mke wangu alikuwa amepanga kuweka kabati.

Tanga langu ni la merikani, kitambaa ambacho jina lake bado linakumbusha meli za wafanyabiashara wa Salem zilizokuwa zikikileta Unguja karne ya 19, baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said, mtawala wa Unguja, na Marekani. Halipendi kukunjwa likiwa bichi. Niliwahi kulikunja hivyo usiku mmoja kwa uvivu, na baada ya wiki lilikuwa na madoa meusi ya ukungu ambayo hayajatoka hadi leo.

Kosa langu kubwa zaidi, hata hivyo, lilihusu hesabu. Mwaka 2019 niliipandisha mashua mwishoni mwa mwezi Machi, wakati ambapo maji ya bamvua huwa makubwa kuliko kawaida kwa kuwa jua limefika juu ya ikweta, na kwa tamaa ya kuiweka pakavu niliisukuma hadi mwisho wa alama ya maji. Bamvua lililofuata lilikuwa dogo. Nilisimama gizani na taa ya mkononi, nikayaona maji yakija, yakatulia hatua nne kutoka kwenye usukani, kisha yakarudi zake. Fundi alikuwa amekaa juu ya gogo. "Mwalimu wa hesabu!" alisema, na hakuongeza neno. Iliteremshwa siku mbili baadaye na vijana 12, kwa magogo ya mnazi na sinia la pilau.

Nimeandika sana juu ya mchanga, na mtu atauliza bahari iko wapi. Iko katika zile siku 37. Iko katika asubuhi za kaskazi, tunapotoka mimi na mpwa wangu, tukavuta henza, kamba ya kupandishia tanga, mpaka foromali ifike juu, tanga likapigapiga mara mbili tatu kisha likatulia na kujaa, na sauti zote za mji, honi, muadhini wa mbali, winchi za bandarini, zikapungua pamoja kana kwamba kuna mtu amefunga dirisha. Mashua hulala kidogo upande wa demanini, upepo unakoelekea, nasi huhamia joshini, unakotoka, na mpwa wangu hukamata demani, kamba ya kuongozea tanga, akijifanya hana wasiwasi. Majaketi tunavaa, hata safari ikiwa ya nusu saa. Tangu usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya abiria Spice Islander karibu na Nungwi, hakuna mtu nyumbani kwetu anayelifanyia mzaha jambo hilo.

Mara nyingi tunakwenda Chapwani, kisiwa kirefu chembamba kinachoonekana kutoka ufukweni kwetu. Huko kuna makaburi ya mabaharia wa Kiingereza, na miongoni mwao ni wale wa manowari ya Pegasus, iliyoshambuliwa na meli ya Kijerumani ya Königsberg katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Nilipomsimulia mpwa wangu kwamba Pegasus ilikuwa imetia nanga kwa ajili ya matengenezo ya mitambo na hivyo haikuweza kukimbia, aliuliza ni matengenezo gani, yalikuwa yamefika wapi, na kwa nini hawakungoja kwanza. Aliuliza kama mtoto wa pwani, yaani aliihurumia meli kabla ya kuwahurumia watu. Tulikula maandazi kivulini, kisha kusi, upepo wa kusini, iliyoanza mapema mwaka ule, ikatulazimisha kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, njia nzima ya kurudi. Mwendo wa kwenda ulikuwa dakika 40, wa kurudi saa mbili na nusu.

Jumanne, usiku

Imeteremka. Saa kumi na robo alfajiri maji yaliufikia mkuku, ule mti wa chini kabisa wa mashua, gadi zikatolewa moja moja, tukaingia hadi kifuani na kusukuma, na mara ikawa nyepesi ghafla, kama kawaida yake, ikatuacha tumeinama.

Chombo kilichokaa mchangani wiki mbili huvuja kinaporudi majini, hata kalafati ikiwa nzuri namna gani, mpaka mbao zinywe maji na kuvimba. Hakuna la kufanya ila kukaa ndani na kufua. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Saa ya kwanza nilitoa ndoo 41, ya pili 33, na kufikia saa nne asubuhi, maji yalipopwa na mashua ikabaki inaelea penye kina, nilikuwa kwenye 19. Fundi alipita na mtumbwi wake akiwa anakwenda kuangalia madema, akasimamisha kasia, akainamia ngama, akatia kidole mahali nilipopagonga mimi, upande wa tezi. "Hapa pakavu," alisema, akaendelea na safari yake.

Alasiri ndoo zilikuwa sita kwa saa. Baada ya sala ya isha nilitoa ndoo moja, nikasubiri saa nzima nikiwa nimelala chali juu ya tanga, nikatoa nusu. Nikafunga nanga upya, nikaita mtumbwi wa jirani, nikarudi nyumbani. Mke wangu alifungua mlango, akarudi nyuma hatua moja kwa ile harufu ya sifa, akaniambia nisiguse kitu chochote mpaka nimeoga.