Kuonja na kupima divai ya Saint-Émilion ya mwaka 2016

Divai nyekundu yenye Merlot, aina ya zabibu nyekundu, kwa wingi husifiwa kwa ulaini wake, na mara nyingi sifa huishia hapo: imeteremka vizuri, haikukwaruza koo, basi ni nzuri. Sikubaliani na kipimo hicho. Merlot hutoa ulaini bila taabu. Linalofaa kuulizwa ni kitu gani kinaushikilia ulaini huo usilegee, na katika divai ya mchanganyiko jibu hupatikana zaidi kwenye zabibu zilizotiwa kwa uchache.

Chupa niliyoifungua juzi inatoka Saint-Émilion, upande wa kulia wa mto Dordogne, katika eneo la Bordeaux nchini Ufaransa. Huko Merlot hutawala kwa sababu ya ardhi yenyewe: udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa hushika maji na kukawia kupata joto, na Merlot, kwa kuwa huiva mapema, haidhuriki, ilhali Cabernet Sauvignon, aina nyingine ya zabibu, huchelewa kuiva na hustawi zaidi kwenye changarawe ya Médoc, sehemu nyingine ya Bordeaux. Katika chupa hii Merlot inakaribia robo tatu, na sehemu kubwa ya iliyosalia ni Cabernet Franc, ambayo uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa ni mzazi wa Merlot. Mwaka nao una uzito wake. Mwaka 2016 ulianza kwa mvua nyingi, ukafuatiwa na kiangazi kirefu na kikavu, kisha usiku wa Septemba ukawa wa baridi na mavuno yakaendelea hadi Oktoba, hivyo zabibu ziliiva barabara bila kupoteza uchachu.

Kabla ya kumimina, niliiweka chupa kwenye friji kwa karibu saa nzima. Ushauri wa kunywa divai nyekundu katika joto la chumba ulizaliwa katika nyumba za Ulaya zenye baridi, wala haufai katika sebule ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30. Merlot ikiwa vuguvugu, alkoholi yake, ambayo hapa ni asilimia 14.5, hupanda puani na kufunika kila kitu. Kati ya nyuzi 16 na 18 hutulia.

Rangi ni nyekundu iliyokolea, na ukiinamisha bilauri juu ya karatasi nyeupe unaona ukingo umeanza kugeuka kuwa wa matofali, kama inavyotarajiwa kwa umri wake.

Harufu ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi. (Usionje karibu na jiko linalokaanga vitunguu, hutapata kitu.) Mwanzoni ilitoka plamu iliyoiva sana pamoja na kakao, nayo ni Merlot waziwazi. Nilipoizungusha bilauri na kuiacha itulie, ikaja karafuu, tena si kwa kubahatisha: mwaloni wa mapipa ya kukomazia divai, ambao huchomwa kwa ndani, hutoa eugenoli, kiambata kilekile kinachoipa karafuu harufu yake. Baadaye kabisa yakajitokeza majani ya tumbaku na ubichi mdogo wa majani, ambao ninaamini ni wa Cabernet Franc. Ubichi huo ukizidi hunuka pilipili hoho, dalili kwamba zabibu zilivunwa kabla ya wakati. Hapa ulikuwa kiasi, ukazuia utamu wa plamu usichoshe.

Mdomoni, funda la kwanza ni laini na limejaa, na hapo ndipo mnywaji mwenye haraka angeridhika. Mimi huliacha funda ulimini na kungojea sehemu ya katikati, kwa kuwa Merlot iliyolegea huanza vizuri kisha ikapwaya. Hii haikupwaya. Uchachu uliyatoa mate pembeni mwa ulimi, na tanini, viambata vya ganda na mbegu za zabibu vinavyoleta ukakasi, zikashika kwenye fizi kwa ukakasi mpole, si ule wa ndizi mbichi unaokaza kinywa kizima. Ladha ya plamu na tumbaku ilibaki muda mrefu baada ya kumeza. Kasoro ninayoiona iko mwishoni kabisa, ambapo mwaloni unaacha ukavu ambao hautokani na tunda. Nadhani mapipa mapya yalitumika mengi kuliko divai hii ilivyohitaji.

Nilibakiza theluthi ya chupa, nikaifunga kwa kizibo na kuirudisha kwenye friji. Siku ya pili plamu ilikuwa imepungua, lakini ile sehemu ya katikati ilikuwa bado imara na harufu ya tumbaku imeongezeka, jambo linalonifanya niamini kwamba divai hii ina miaka kadhaa mbele yake. Ninaiweka katika daraja la nzuri sana, chini kidogo ya bora, kwa sababu ya ule mwaloni. Atakayeinywa sasa aiandalie mbuzi wa kuchoma mwenye chumvi ya kutosha na pilipili kidogo, kwani pilipili nyingi huuchochea ukali wa alkoholi na kuzima tunda.